Usimshukuru Mzee wa Kanisa

Nilipoletwa Ruanda, kijiji hiki cha karibu na Vwawa, kama mke wa mtu, mama mkwe alinionyesha mahali pa kuchota maji, mpaka wa shamba letu la kahawa na la jirani, kisha akanionya nisithubutu hata siku moja kumwambia jirani huyo asante. Nilidhani ananitania. Wiki haijaisha nikakuta mkungu wa ndizi umeegeshwa mlangoni, na mzee mmoja mrefu, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, anatokomea migombani kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Mimi nimelelewa. Nikapaza sauti, "Asante sana, baba! Mungu akubariki!"

Alisimama. Akageuka polepole, akavua kofia, akaibamiza chini.

"Binti, nimekukosea nini?"

"Baba, nashukuru tu kwa ndizi."

"Ndizi zipi? Nani kakwambia ni mimi?"

"Nimekuona."

"Basi umenimaliza," akasema, na kweli alionekana amemalizwa. "Kuukata, kuubeba, kuvuka nao mtaro, kazi yote imeishia hapa mlangoni kwako. Ukinishukuru umenilipa. Nikifika kule juu nitaambiwa, wewe si ulishapata yako Ruanda?"

Mama mkwe alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. "Msamehe, Mzee, bado mgeni huyu." Akanisamehe. Lakini ndizi zake alizirudisha nyumbani, akazileta tena kesho yake tulipokuwa shambani, ili zihesabiwe upya.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo yatasomwa siku ya msiba wake, na kwa jinsi makatibu wetu wanavyopenda kusoma wasifu wa marehemu, yatasomwa mpaka jua lichome. Mimi nilimjua kama jirani. Wazee wa kanisa walikuwa wengi pale usharikani, ila ukisema Mzee wa Kanisa bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye. Katika Maandiko yote alikuwa amekishika kile kifungu kinachokataza mtu kupigiwa tarumbeta anapotoa sadaka. Alikishika kwa mikono miwili, na mikono yote miwili ikiwa imejaa, vifungu vingine vikakosa wa kuvishika.

Shida ni kwamba Ruanda si mahali pa kufanyia siri. Nyumba zinatazamana kutoka kilima hiki na kile, mtu akipiga chafya kwake anaombewa afya kwa jirani, na ukinunua sufuria mpya, hujaifikisha nyumbani kuna mtu ameshauliza inaivisha ugali wa watu wangapi. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi chake, kikavu, cha kugonga na kunyamaza, ambacho hata watoto wa mgongoni walikijua. Basi kijiji kikajifunza kumsaidia. Tukisikia kikohozi tunageuza migongo. Wanaume wa kwenye benchi la dukani walikuwa wanajizungusha wote kwa pamoja, wanatazama ukuta, stori zinaendelea, mpaka Mzee apite na jembe lake kwenda kumlimia mtu kwa siri. Mgeni asiyejua angedhani wale watu wameadhibiwa.

Aliyeumia zaidi kwa msaada huo ni mjane wa bondeni. Mzee akija kumpalilia kahawa, mjane ilimbidi ajifungie ndani asije akamwona. Kuna siku alikuwa amebandika maharage kwenye mafiga ya nje, kikohozi hicho, mwanamke wa watu akaingia ndani na kufunga mlango. Mzee akapalilia mpaka jua likawa la utosi. Maharage yakakauka, yakaungua, moshi ukaingia dirishani. Nikiwa napita njiani nikamsikia mjane akisema huko ndani, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake, "Jamani, shamba langu siku hizi linajipalilia lenyewe. Lingejua na kuepua maharage ningefurahi zaidi."

Mzee hakuepua. Kuepua kungejulikana.

Kanisani mambo yalikuwa yale yale. Alipotaka kutoa sadaka yake ya mavuno, mchungaji alituomba tufumbe macho tuombe, kwa sababu kuna ndugu asiyependa kutajwa anapita mbele. Tukafumba. Kikohozi kikapita katikati ya kanisa, kikafika madhabahuni, kikarudi kikakaa mahali pake pa kila Jumapili. Tukasema amina, tukafumbua. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu huyo, tusiyemjua.

Msidhani alikuwa mnafiki. Jasho lake lilikuwa jasho kweli, na mjane yule bila yeye angekuwa ameshauza shamba. Tatizo lake lilikuwa dogo tu, na sijui kama hata yeye alilijua. Hakutaka aonekane, lakini hakuvumilia pia kutodhaniwa. Mvua ziliwahi kuvunja kidaraja cha miti tunachovukia kwenda kanisani, na baada ya siku chache tukakikuta kimetengenezwa. Bahati mbaya siku hizo mafua yalikuwa yameingia kijijini na kila mtu alikuwa anakohoa, hivyo kikohozi chake hakikutambulika. Akanijia nikiwa natwanga.

"Mama Ezekia, watu wanasemaje kuhusu daraja?"

"Wanasema limetengenezwa, Mzee."

"Hilo naona. Wanasema nani?"

"Wanasema ni yule mwalimu mstaafu wa pale shuleni."

Akaokota punje ya mahindi iliyoruka kutoka kinuni, akaitazama. "Mwalimu," akasema, "hajui kupigilia msumari."

Jumapili iliyofuata alipopewa nafasi ya kuomba, aliombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea viongozi wetu wa serikali, kisha akasema, "Na wewe Bwana unajua misumari ya lile daraja ilitoka nyumbani kwa nani." Mwalimu mstaafu alikaa safu ya mbele amefumba macho, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Simu nazo zikaja kumwongezea majaribu. Kijana mmoja alimpiga picha akizibua mtaro wa barabara, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na chini yake akaandika kwamba Mzee wetu anaupiga mwingi. Watu wakamwaga viganja na maua. Mzee hakuwa na simu ya kuonyesha picha, lakini habari zilimfikia, akaja kwangu amekunja uso. Ile picha ifutwe. Ifutwe leo hii. Nikasema nitamwambia kijana. Akashukuru kwa kichwa, kwa mdomo hakuwa anashukuru mtu, akaondoka, akafika mgombani, akarudi.

"Kabla hawajaifuta," akasema, "hebu nione. Nimetoka vizuri?"

Mbinguni kwake alikuwa anakujua kuliko ninavyoijua Vwawa. Kuna baridi ya kadiri, ile ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua mchana. Kahawa inazaa kwa mwaka mzima, haina ugonjwa wa chulebuni wala kutu ya majani, na haimtaki mtu apande milima kwa ndoo. Nyumba yake ilikuwa imeshafika usawa wa lenta, juu ya madirisha, alisema, na kila jema la siri lilikuwa tofali. Mtu akimshukuru, tofali linatoka. Aliogopa sana mvua ya shukrani. Nikamuuliza mimi nitakaa wapi. Akafikiri kwa haki kabisa, bila chuki.

"Wewe unapenda kushukuriwa, Mama Ezekia. Lakini imani unayo. Utaingia. Utakaa kule chini, upande wa joto, kama kule Msangano."

"Mbinguni kuna Msangano?"

"Lazima pawe na mahali pa watu wa kawaida."

Mimi huenda Tunduma kununua vitenge, ninakuja kuviuza huku kwetu. Mwaka mmoja tuliongozana naye, alikuwa anakwenda kumwona binti yake Faraja aliyeolewa kule. Karibu na mpaka, kwenye msongamano wa malori na mikokoteni, mama mmoja wa Zambia alidondosha furushi lake, Mzee akalidaka, akalibeba mpaka upande wa pili wa barabara. Yule mama akapiga magoti kidogo, "Natotela sana, batata!"

Mzee akanigeukia kwa wasiwasi. "Amesema nini?"

Nilimwona usoni jinsi anavyolihurumia tofali lake. "Amekusalimu tu, Mzee."

Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile. Alisema Tunduma ni pazuri, mtu unafanya jambo lako, unasalimiwa, unaondoka na thawabu yako nzima. Akabeba maboksi, akasukuma mikokoteni, akashusha magunia ya watu asiowajua, na kila upande akapokea natotela kwa tabasamu na kuwajibu "marahaba". Jioni binti yake akamweleza kwamba neno hilo maana yake ni asante. Aliporudi Ruanda aliacha kuitikia shikamoo zangu kwa muda mrefu, akidai mimi peke yangu nimembomolea sebule.

Haya yote yanachekesha mpaka uingie ndani kwake.

Mkewe, Mama Faraja, alikuwa mwanamke mfupi mwenye hereni ndogo na mikono ambayo haijui kukaa. Yeye ndiye aliyekuwa anachuma, anakoboa, anaanika, anapika, anafua vitambaa vya meza ya Bwana na kuvinyoosha kwa pasi ya mkaa. Yale mahindi Mzee aliyoyapeleka kwa watu kwa siri, nani aliyapukuchua? Katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia mumewe akimwambia asante, wala pole, wala chakula ni kitamu. Na si kwamba alisahau. Alijizuia. Mchungaji aliwahi kula pale kuku wa kienyeji, akaanza, "Mama, kuku huyu," akakanyagwa mguu chini ya meza, akamalizia, "alikuwa wa rangi gani?"

Nilimuuliza Mzee kwa nini anamtendea mwenzake hivyo. Akanishangaa kama niliyetukana.

"Nampenda," alisema. "Wewe unadhani nakaa kimya kwa raha? Ukila mboga za yule mwanamke mdomo unataka kusema wenyewe. Nauzuia. Nikimshukuru hapa nitakuwa nimemmalizia yake, atafika kule mikono mitupu, wakati mimi nina nyumba. Nitaishije ndani ya nyumba mke wangu yuko nje?"

Alikuwa anasema kwa uchungu, macho yamemlowa. Nami nilikasirika, kwa sababu nilimwamini. Mume asiyempenda mkewe unajua pa kumshika. Huyu angeshikwa wapi?

Mama Faraja mwenyewe alinipa jibu lake tukiwa tunachambua kahawa kwenye chanja. "Mama Ezekia, mimi nimeolewa na mtu anayenipenda keshokutwa."

Kuna msimu aliamua kuwa mwamini kama mumewe. Mzee akarudi kutoka shambani, mezani hakuna kitu. Akamuuliza chakula kiko wapi. Mkewe akasema, "Nimepika kwa siri." Chakula kilikuwa kimepikwa kweli, kimefunikwa, kimefichwa kwenye kihenge cha mahindi, na Mzee alikitafuta mpaka kikapoa. Siku iliyofuata kilifichwa kwangu, nikiwa nimeonywa nisiseme. Akaja akasimama mlangoni anavuta harufu.

"Una chochote, Mama Ezekia?"

Nikamwekea ugali wa mkewe na mboga ya mkewe. Akala vyote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasimama. Nikasubiri.

"Sitakupunguzia," akasema, akaenda zake.

Tulicheka sana siku hiyo, mimi na Mama Faraja, mpaka tukashika mbavu. Mchezo ule aliuacha baada ya muda mfupi kwa sababu Mzee alianza kukonda, tena alianza kufurahi, akisema mkewe sasa ameelewa.

Halafu masikio ya Mama Faraja yakaanza kuondoka. La kulia lilitangulia. Tulidhani ni mafua, ni nta, ni uzee, tukamtia mafuta ya nyonyo. Faraja akampeleka hospitali kubwa, daktari akasema la kulia limekwisha na la kushoto litalifuata, asihangaike. Aliporudi, akaniita nikae upande wake wa kushoto.

"Sikia," aliniambia, na tayari alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kama watu wa namna hiyo wanavyoongea. "Sauti za watoto nimezisikia vya kutosha. Nyimbo za kwaya nimezisikia, na nyie sauti ya pili mnaimba ovyo. Nimebakiza kitu kimoja. Nataka asante ya yule mzee. Ya hapa hapa Ruanda, niisikie kwa sikio hili kabla halijafunga. Kule mbinguni wakinipa nyumba ya vioo, sawa, nitapokea. Lakini nataka hii."

"Umemwambia?"

"Asante ya kuombwa si asante. Nimemwombea kwa Mungu, naye yuko kimya kama mwenzake."

Mimi sikuwa nimefungwa mdomo. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee, nikamkuta anapogoa kahawa, nikamwambia masikio ya mkewe yanaziba na hajawahi kusikia neno moja jema kutoka kwake. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema mbinguni masikio yatafunguliwa, na Mama Faraja atashukuriwa na Bwana mwenyewe mbele ya malaika wote, na asante hiyo ni kubwa kuliko ya mkulima.

"Mzee," nikamwambia, "Bwana hajala ugali wake. Aliyeula ni wewe."

Akaendelea kukata matawi. Akakata na yale yasiyostahili kukatwa, yenye maua. Nilipoondoka hakukohoa, na mimi sikugeuza mgongo.

Msimu uliopita, ule mwezi wa baridi kali, nilikuwa natoka Tunduma na furushi la vitenge. Bodaboda aliniacha barabarani, nikakatiza uani kwao. Mama Faraja alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya chanja, anachambua kahawa, anatupa zilizovunjika. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye ule upepo. Nikamsalimia. Hakuitikia. Akaninong'oneza, "Hivi sasa anasikia kiasi gani?"

"Kidogo sana, Mzee. Mpaka mtu apaze sauti. Tena sikio la kushoto."

Akasogea kushoto. Akafungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema, "Asante." Aliisema taratibu mno, kama mtu anayeweka yai chini. Mama Faraja akatupa kahawa mbovu, akaokota nyingine.

"Asante, Mama Faraja."

Vidole vinachambua.

Akanitazama. Nikanyanyua mabega. Sikuwa na msaada wa kumpa, na kama ningekuwa nao nisingempa. Akavuta pumzi ile ya kuimbia, mishipa ya shingo ikamtoka.

"ASANTE, MAMA FARAJA!"

Kunguru waliruka kutoka kwenye migomba. Ng'ambo ya bonde mtu aliacha kukata kuni. Mama Faraja akainua uso, akamtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka kichwani, hana haraka.

"Ya nini?"

"Ya uji!"

"Uji upi?"

"Wa leo! Wa jana! Uji wote!" Sauti ilikuwa inapanda kilimani na kurudi. "Asante ya kuni! Asante ya kufua! Ile mara nilipoanguka mtini ukanibeba mgongoni mpaka zahanati, asante! Kahawa yote uliyochuma ukaugua mgongo, asante!" Watu wakaanza kutoka majumbani. Mjane wa bondeni alitoka na mwiko mkononi. Nadhani aliona matofali yanaporomoka moja baada ya jingine, yake na ya mkewe, maana machozi yalikuwa yanamshuka, na hakunyamaza. "Asante ya Faraja! Uliyemzaa mimi nikiwa kwenye semina! Asante ya wageni wote niliowaleta bila kukuambia!"

Akaishiwa pumzi. Akashika ukingo wa chanja. Akauliza, na hata hili ilibidi alipige kelele, "Nimekumalizia zote?"

Mama Faraja akatikisa kichwa.

"Kwa mama yako hujafika," akasema.

Mama yake Mzee alilala chumba cha nyuma cha nyumba ile miaka mingi, hageuki mpaka ageuzwe. Aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, akatukanwa naye, na mwisho akamfumba macho, ni mkewe huyu. Siku ya mazishi mchungaji alitaka kulisema hilo mbele ya watu. Mzee alimpa ishara akate, mchungaji akakata, na Mama Faraja alikuwa amesimama pale pale kaburini anaona.

Mzee hakupiga kelele tena. Alizunguka chanja, akapiga magoti kwenye vumbi karibu na kigoda, akaweka mdomo wake kwenye lile sikio la kushoto, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale na sikuambulia neno hata moja.

Mama Faraja aliacha kuchambua.